Mfanyakazi Asiyetoka Jasho

Asubuhi ile shuka za Mzee Muoki zilikuwa kavu.

Mtu asiyewahi kulea wazee atauliza, hilo nalo ni jambo? Ni jambo kubwa. Mzee Muoki aliendesha malori maisha yake yote, akaja kuzeekea katika Nyumba ya Rehema hapa Majengo, Pumwani, na tangu aletwe hakuna siku kitanda chake kiliwahi kupambazukiwa kikavu. Shuka zikiwa kavu alfajiri, maana yake kuna mtu aliyeamka akambadilisha. Na usiku huo, katika nyumba nzima, hapakuwa na mfanyakazi hata wa dawa.

Muhiba, msimamizi wa nyumba, alisimama kando ya kitanda na beseni lake la maji ya moto. Akapitisha kiganja juu ya shuka. Zilikuwa na joto na zimenyooka, kama zimetoka kupigwa pasi sasa hivi.

"Mzee, nani amekubadilisha?"

"Msichana wangu," akasema Mzee Muoki, amefurahi. "Alikuja jana jioni."

Mzee Muoki alizaa wavulana tu, na wote walikuwa wamemsahau.

Nyumba ya Rehema ni moja ya zile nyumba za zamani za Majengo, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma penye bomba la maji. Zamani ilikuwa na wafanyakazi wa kutosha, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku, na mishahara ilitoka kwa mfadhili mmoja ambaye siku moja aliacha kupokea simu. Mshahara ukachelewa mwezi mmoja, ukachelewa wa pili, kisha watu wakaacha kuutaja. Wapo wanaopenda kusema kwamba kulea wazee ni kazi ya wito. Wanaosema hivyo wao hulipwa kila mwisho wa mwezi.

Mpishi aliondoka kwanza, akafuata bawabu. Muhiba akatafuta njia ya kuwashikilia waliobaki, na njia aliyoipata ndiyo iliyoleta yote haya. Tangu zama za wazee wetu, anayeosha maiti hupewa nguo za marehemu, na hakuna anayeona vibaya. Basi Muhiba akaweka mpango: mzee akifariki na jamaa zake wasijitokeze, vitu vyake vyote ni vya mfanyakazi aliyekuwa akimhudumia. Godoro, blanketi, nguo, redio. Gikomba iko hapo chini tu, kila kitu hupata mnunuzi. Haukuwa mpango wa mtu mbaya, ulikuwa mpango wa mtu aliyebanwa.

Wa mwisho kuondoka alikuwa Phelister, mama wa watoto watatu kutoka Mbotela, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na mdomo usioficha.

"Madam, mimi nimefika mwisho," alimwambia Muhiba jioni ya kuamkia zile shuka kavu, mkoba begani. "Landlord amefunga nyumba na kufuli yake. Watoto wako kwa jirani."

"Nivumilie Phelister. Mwezi huu ukiisha..."

"Mwezi gani, Madam? Imeisha mingapi?" Kisha akashusha sauti. "Na si pesa peke yake. Jana nikimlisha Shosho Wangeci uji, nimejipata naangalia blanketi lake, najiuliza Gikomba watanipa ngapi. Nikajiogopa. Wacha niende kabla sijageuka mtu mwingine."

Muhiba alimsindikiza mpaka mlangoni, akabaki amesimama juu ya kizingiti, na muadhini alikuwa ameanza kuadhini magharibi. Kila mtoto wa Majengo amefunzwa kwamba saa hizo mtu hasimami kizingitini, na ulimi wake hauachii uende utakako. Muhiba alifunzwa kama sisi sote. Lakini nyuma yake wazee walikuwa wakiita kutoka vyumba vyote kwa wakati mmoja, huyu chakula, yule choo, mwingine anaita tu ili aitikiwe, na yeye alikuwa peke yake na mikono miwili.

"Nimechoka," akasema, akiutazama mtaa. "Leo hata shetani akija kuomba kazi, nampa ufagio."

Kutoka chumba cha mwisho sauti ya mama yake ikaja, kali. "Muhiba. Magharibi hii? Funga mdomo, ingia ndani."

Mama yake, Bi Hikma, alikuwa mmoja wa wazee wa nyumba hiyo. Macho yake yalifunikwa na mtoto wa jicho, miguu ilikataa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumtunza duniani ila Muhiba. Ndiyo maana Muhiba hakuweza kuifunga nyumba akaenda zake. Alikuwa na mama yule tu, na mama alikuwa na kitanda kile tu.

Basi asubuhi, baada ya zile shuka kavu, Muhiba alitoka uani na kumkuta mwanamke akianika nguo. Alikuwa mrefu, amejifunga kanga iliyopauka, uso wake wa kawaida kiasi kwamba ukigeuka huukumbuki. Muhiba alitazama miguu kwanza, maana hivyo ndivyo tunavyofunzwa. Haikuwa kwato. Ilikuwa miguu ya mtu, ina vumbi. Akajicheka moyoni.

"Wewe nani?"

"Nimekuja kazi. Uliita jana."

"Nani alikufungulia?"

"Ulikuwa umesimama mlangoni," akasema mwanamke kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto.

Mtu mwenye usingizi wa kutosha angemfukuza hapo hapo. Muhiba hakuwa na usingizi huo. Mfa maji haishi kutapatapa, naye alikuwa anatazama kamba nzima ya shuka safi ambazo hakuzifua yeye.

"Una kitambulisho?"

"Sina."

"Umewahi kufanya kazi ya wazee?"

"Nimekaa na wengi mpaka mwisho wao."

"Mshahara sina, nisikudanganye," akasema Muhiba. "Hapa siku hizi mzee akifariki, vitu vyake ni vya aliyemhudumia. Ukitaka hivyo, karibu. Hutaki, sikulaumu."

Mwanamke akaacha kuanika. "Vitu vyake vyote?"

"Vyote alivyokuwa navyo."

"Nimekubali," akasema, akanyoosha mkono.

Viganja vya Muhiba vilitoka jasho tangu utotoni. Shuleni walimwita Mikono ya Samaki, na hata leo karatasi akiishika inalowa. Bi Hikma asiyeona humtambua mwanawe kwa unyevu huo kabla hajasema neno. Muhiba alipouachia mkono wa yule mwanamke, kiganja chake kilikuwa kikavu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alifurahi, Mungu amsamehe.

Nyumba ikawa nyumba tena. Sakafu zilimeta, uji ulifika ukiwa moto, vidonda vya mgongoni vilikauka vikafunga. Mgeni, maana jina hakuwahi kusema na hakuna aliyekumbuka kuuliza, hakuketi, hakula, hakulalamika. Mzee Muoki alimwita msichana wake. Shosho Wangeci, bibi wa watu kutoka Nyeri aliyezeekea mtaa wa Ziwani, alimwita Eve, jina la mjukuu wake aliyekwenda ng'ambo. Kila mmoja aliona ndani yake mtu aliyekuwa akimsubiri. Bi Hikma peke yake ndiye aliyekataa kuoshwa naye.

"Hana mkono wa mtu," alimnong'oneza Muhiba. "Akinishika nasikia kiu."

"Mama, huyu ndiye anayenifanya nilale."

"Lala basi. Lakini mimi unioshe wewe."

Ilikuwa kweli kuhusu kiu. Jagi za maji vyumbani zilikuwa zikikauka kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyekunywa. Mkate uliokatwa asubuhi ulikuwa mgumu saa hiyo hiyo. Midomo ya wazee ilianza kupasuka, ngozi za mikono zikawa zinatoa unga mweupe zikisuguliwa, na ukumbini paliingia harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Muhiba aliona haya yote. Aliyaona na akayanyamazia, kwa sababu mtu aliyepata msaidizi baada ya kukata tamaa hatafuti sababu ya kumkosa.

Mzee Muoki akafariki mchana wa Ijumaa, bila kuugua, amelala. Walipomwinua alikuwa mwepesi wa kuogopesha.

Mgeni alisimama mlangoni akisubiri. "Ni wangu huyo. Nilimhudumia mimi."

"Chukua," akasema Muhiba, akageuza uso.

Alichukua godoro, koti la dereva, redio na fimbo. Hakuvipeleka Gikomba. Alivitia katika ghala dogo la uani, akalivaa lile koti juu ya kanga yake, akaendelea na kazi.

Sasa, Mzee Muoki alikuwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyekula moshi wa malori miaka yote, kirefu, chenye kona mbili, na kikiisha alikuwa akisema, "Haya, twende kazi." Siku chache baada ya kuzikwa kwake, wazee wamekula, nyumba imetulia katika ule usingizi wa baada ya chakula, Muhiba akiwa ofisini akiwaza atampigia nani simu kuomba pesa, akakisikia. Kilitoka upande wa jikoni. Kilianza, kikapinda kona ya kwanza, kikapinda ya pili.

"Haya, twende kazi," ikasema sauti ya Mzee Muoki.

Muhiba alitoka ofisini akavuka ukumbi. Jikoni alikuwemo Mgeni tu, anamenya viazi, amempa mgongo.

"Nani amekohoa?"

"Mimi."

"Hicho ni kikohozi cha mzee."

"Kilikuwa chake," akasema Mgeni, hakugeuka. "Ulisema vyote."

Tangu hapo Muhiba hakulala tena. Shosho Wangeci alifuata kabla wiki haijaisha, na Muhiba alimkuta kitandani akiwa mdogo kama mtoto, midomo imepasuka, jagi kando yake tupu, na Mgeni amekwishaanza kukunja blanketi. Jioni hiyo kicheko cha Shosho Wangeci, kile cha kupanda ngazi ambacho wazee wote walikuwa wakikifurahia, kilipita ukumbini kikiingia chumba baada ya chumba, na wazee wakaitikia kwa furaha wakidhani amepona, na Muhiba akajikunyata nyuma ya mlango wa ofisi, amejiziba mdomo kwa leso, akiogopa hata kulia kwa sauti.

Asubuhi yake alimkuta Mgeni amehamisha kigoda chake, amekiweka mlangoni pa Bi Hikma.

"Huyu ninamhudumia mwenyewe," akasema Muhiba.

"Una wengine wengi," akajibu Mgeni. "Mimi nimebakisha mmoja tu ambaye sijamhudumia."

Muhiba alikimbia kwa Maalim Twalib, muuza manukato aliye karibu na msikiti, ambaye watu wa Majengo humwendea wakishikwa na mambo yasiyo ya hospitali. Maalim ni mtu wa maneno machache na hajitangazi. Alikuja alasiri, akaketi ukumbini, akaweka bakuli la maji mbele yake na kuanza kusoma. Alisoma kwa sauti nzuri, wazee wakanyamaza. Mgeni naye akatoka chumbani akaja kuketi mkabala, kwa adabu, na kila Maalim alipofika mwisho wa dua, yeye aliitikia amin pamoja na wengine.

Maji katika bakuli yalikuwa yakipungua. Maalim aliona, akaendelea, jasho likimtiririka mashavuni, mpaka bakuli likabaki na mstari mweupe wa chumvi tu.

"Toka katika nyumba hii," akasema hatimaye.

"Sikuvamia, Maalim. Nimeajiriwa."

"Na nani?"

Mgeni akamwelekeza Muhiba kwa kidevu.

"Kwa ujira gani?"

Muhiba akaeleza. Alipofika mwisho, Maalim alifumba macho, akafunga kitabu chake polepole.

"Mwanangu, aliyeingia kwa nguvu hufukuzwa," akasema. "Aliyeajiriwa hulipwa. Nitamsomea nini mtu anayedai haki yake mliyokubaliana? Tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka."

"Mimi sitoki jasho," akasema Mgeni. "Naweza kungoja."

Nje, kando ya mtaro, Maalim alimshika Muhiba bega.

"Usimhamishe mama, atafuata popote. Sikiliza. Tafuta mfanyakazi wa damu na nyama, mlipe mshahara wa halali mkononi, amhudumie mama yako usiku na mchana pamoja nawe. Mama akihudumiwa na mwingine, huyu hana dai. Na ule mpango wa vitu vya maiti uufute mbele yake. Lakini kwanza mpate huyo mtu."

"Nikikosa?"

"Usikose," akasema Maalim, akaenda zake upesi.

Muhiba aliuza bangili zake za dhahabu, za arusi yake, kitu pekee cha thamani alichobakiwa nacho, akavuka hadi Mbotela. Phelister alikuwa kando ya ukuta wa nyumba ya jirani, alikohifadhiwa na watoto wake, akikaanga samaki. Muhiba alimpa bahasha, akapiga magoti pale pale penye magamba ya samaki, mbele za watu.

"Simama, Madam, utanitia aibu," akasema Phelister, akimwinua. Alimsikiliza mpaka mwisho, na macho yake yakawa makubwa. Akairudisha bahasha mkononi mwa Muhiba. "Utanipa nikifika. Nikiichukua sasa nikaingia nayo hapa ndani, nitaogopa nisije tena. Kesho alfajiri. Leo siwezi, mtoto wangu wa mwisho ana homa na jirani wa kumwachia harudi mpaka alfajiri."

"Kesho ni mbali."

"Ni usiku mmoja. Kaa na mama yako, usimwache."

Rahisi kusema. Muhiba aliporudi, nyumba ilikuwa ikinuka mpaka barabarani. Tangu Muhiba aondoke, Mgeni hakuwa amemgusa mzee mwingine yeyote. Aliketi kwenye kigoda chake kando ya Bi Hikma, mikono mapajani, na vyumba vyote vingine vilikuwa vikilia. Muhiba aliingia akamshika mama yake mkono. Mkono ulikuwa unatoa unga.

"Nimemlisha," akasema Mgeni. "Nimemgeuza. Nimembadilisha. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nipo sasa."

"Utakaa?"

Na hapo chumba cha pili kitu kikaanguka kwa kishindo, na mzee mmoja akaanza kuita jina la Mungu kutoka sakafuni. Muhiba alivumilia, akajiambia hatatoka, akamkumbatia mama yake na kuyafumba macho, lakini yule mzee akaendelea, akaendelea, sauti ikififia, na mtu aliyekula kiapo cha moyo wake kutunza wazee hawezi kusikia hivyo akabaki ameketi. Akatoka mbio. Alimwinua mzee, akamfunga kitambaa kichwani, akarudi mbio, akamkuta Mgeni anafuta midomo ya Bi Hikma.

"Nimemnywesha," akasema.

Basi ikawa hivyo jioni nzima, anaingia na kutoka, kila mara anakuta kijiko kimoja zaidi, mto umegeuzwa, kanga imenyooshwa, deni linaongezeka, na kila mara mama yake ni mwepesi zaidi na pumzi zake zina mkwaruzo wa majani makavu, na stima ikapotea mtaa mzima, na gizani akawa anapapasa ukuta wa ukumbi akisikia kikohozi cha Mzee Muoki upande huu na kicheko cha Shosho Wangeci upande ule, na katikati yake, kutoka chumba cha mwisho, kitu kipya, kidogo, kinachojaribiwa jaribiwa kama mtu anayejifunza wimbo: sauti ya mama yake ikiita, "Muhiba. Muhiba. Magharibi hii?"

Aliingia chumbani akaanguka kwa magoti. Bi Hikma alikuwa hai bado, mdomo umefunguka, hasemi.

"Mpango nimeufuta," akasema Muhiba. "Nimeufuta, umesikia?"

"Sawa," akasema Mgeni kutoka gizani. "Baada ya kunilipa kazi niliyokwisha kuifanya."

"Mama ana nini? Kanga mbili na tasbihi. Hana kitu huyu. Chukua vyangu."

Kigoda kikalia. Mgeni alikuwa ameinama karibu, na ile harufu ya kitambaa chini ya pasi ikajaa chumba.

"Vyako vyote?"

Bi Hikma akatoa sauti, akataka kusema neno, likashindwa kutoka.

"Vyote nilivyo navyo. Muache mama yangu."

"Lakini wewe sijakuhudumia," akasema Mgeni. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya kumbembeleza. "Huwezi kulipa kazi isiyofanywa. Umechoka. Lala kidogo hapa chini nikuhudumie."

Muhiba alikuwa hajalala tangu siku ya kile kikohozi jikoni. Akalala.

Phelister alifika alfajiri kama alivyoahidi, jirani amemshikia mtoto. Mlango ulikuwa wazi na ukumbi umepigwa deki, mkavu tayari. Wazee wote walikuwa safi, wametulia. Muhiba alimpokea kizingitini, amevaa gauni lake lile lile, akampa bahasha.

"Mshahara wako. Karibu tena."

"Asante, Madam. Na yule mwingine?"

"Nimemlipa. Ameenda."

Phelister alishusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu Mbotela. Alimsifu Mungu. Aliuliza aanze wapi, na Muhiba akamwambia aanze na vyumba vya mbele, mama yake atamtunza mwenyewe. Phelister alifanya kazi asubuhi yote, na jambo moja likawa linamkera bila kulijua jina lake, mpaka alipoifungua bahasha jikoni ahesabu. Ile aliyoirudisha Mbotela ilikuwa imelowa alama za vidole. Hii ilikuwa kavu, imenyooka, ina joto.

Alitazama uani. Kwenye kamba palianikwa leso ya Muhiba. Godoro la ofisini, alilokuwa akilalia Muhiba, lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, limewekwa mlangoni mwa ghala.

Alikwenda chumba cha mwisho taratibu. Bi Hikma alikuwa amelala chali, macho meupe yametazama dari, midomo imepasuka. Phelister alimshika mkono. Vidole vya yule mama vikamkamata kwa nguvu, vikapapasa kiganja chake chote.

"Wewe una jasho," akanong'ona. "Wewe ni nani?"

"Ni mimi Phelister, mama."

"Phelister, mwanangu yuko wapi?"

"Yuko hapo jikoni, mama. Tumeongea naye."

"Hapana." Alikuwa akilia, lakini machozi hayakutoka. "Nilisikia yote. Nilitaka kumwambia nikashindwa. Baadaye akaomba maji, hapa chini, kando ya kitanda. Aliomba mara mbili. Ya tatu ile sauti ikatokea upande wa mlangoni."

Phelister alitazama sakafu. Palikuwa pamepigwa deki.

"Alitoa vyake vyote ili aniokoe," akasema Bi Hikma. "Vyote alivyokuwa navyo. Mtoto wangu masikini, alikuwa na nini tena yule, ila mimi?"

Ukumbini mtu akakohoa kikohozi kirefu, chenye kona mbili. Hatua zikaja, na sauti ya Muhiba, laini, haina haraka, ikasema kutoka mlangoni, "Haya, twende kazi. Niachie mama yangu, Phelister. Ni saa yake ya kuoga."

Bi Hikma hakuuachia mkono wa Phelister.